Mgongo wa ghafla kwa mtu wa warfarini

Mama Mdogo Tanga: Asalaam aleikum. Wataalamu wa ukoo, naomba jibu. Mtu mwenye vali ya chuma moyoni, anameza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), anashikwa ghafla na mgongo mkali. Hakuanguka wala hakubeba mzigo. Achuliwe tu na apewe diklofenaki?

Mjomba Daktari: Waaleikum salaam. Hapana dada, vyote viwili hapana! Inawezekana damu inavujia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, kati ya mfupa na utando mgumu. Mfereji ule ni mwembamba na hautanuki. Damu ikijaa, uti wenyewe wa neva unabanwa.

Kaka Famasia: Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazidisha kuvuja. Mwulizeni pia wiki hiyo kameza nini kingine. Septrini, metronidazoli na flukonazoli zinapandisha INR, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda. Kwa vali ya chuma ya mitrali (mojawapo ya vali za moyo) hulengwa INR 2.5 hadi 3.5, lakini hata INR ikiwa sawa msitulie, damu huvuja hivyo hivyo. Kwa maumivu, parasetamoli.

Mama Mdogo Tanga: Tutaujuaje kama si mgongo wa kawaida?

Dada Nesi: Mama mdogo, angalia mfuatano. Kwanza maumivu kama kisu, shingoni au katikati ya mabega, pengine yanazunguka hadi kifuani mkadhani ni moyo. Baada ya dakika au saa kadhaa miguu inakuwa mizito, ganzi inapanda, mkojo unagoma. Mwambieni anyanyue mguu mmoja mmoja na asukume kwa nyayo. Mpitishieni pamba kutoka mguuni hadi tumboni, aseme inapoanza kusikika. ANDIKENI SAA miguu ilipoanza kulegea, daktari wa upasuaji ataiuliza.

Mjomba Daktari: Donge la damu hiyo likiwa shingoni linaweza kulegeza mkono na mguu wa upande mmoja tu, ikadhaniwa kiharusi. Akipewa dawa ya kiharusi ya kuyeyusha damu iliyoganda, kuvuja kunaongezeka. Kama shingo inauma na uso haukupinda, shingo ipigwe picha kabla ya dawa hiyo.

Binamu MRI: Apigwe MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya uti wote, kwa aina zake mbili za picha, T1 na T2. Sitiskani (CT) inaweza kulikosa donge. Saa 24 za mwanzo, kwenye T1 damu hufanana na uti, anayetazama T1 peke yake ataipita. Umbo lake kama punje ya dengu iliyosimama, mara nyingi nyuma ya uti. Na msirudishwe nyumbani eti ana vali ya chuma! Vali za bandia zinaingia kwenye mashine, njooni na kadi yake. Betri ya moyo ndiyo inayotaka kukaguliwa kwanza.

Mama Mdogo Tanga: Na hospitali isiyo na MRI?

Mjomba Daktari: Wapime INR, chembe sahani (za kugandisha damu) na kundi la damu, wapige simu ya rufaa saa hiyo hiyo. Vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, polepole, dakika 20 hadi 30. Hiyo huchukua saa kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo waongeze plazma (maji ya damu) mililita 10 hadi 15 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni mililita 600 hadi 900, na moyo wenye vali huweza kuzidiwa na maji, wasikilize mapafu. Wasimtoboe mgongo kuchukua maji.

Kaka Famasia: Kwa anayetumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, vitamini K haisaidii kitu. Watajieni dawa kwa jina.

Mjomba Daktari: Thieta wanaondoa bamba la nyuma la pingili na kunyonya donge. Miguu ikishakufa kabisa, inafaa afunguliwe ndani ya saa 12. Mwenye nguvu iliyobaki ana nafasi nzuri zaidi, ndiyo maana msingoje asubuhi. Ambaye miguu imeanza kurudi yenyewe anaweza kuangaliwa bila kisu, ila apimwe tena na tena.

Dada Nesi: Njiani alale chali, ageuzwe kama gogo. Mkojo ukigoma, awekwe mpira. Wodini ageuzwe kila saa 2, ngozi yenye ganzi huchubuka bila yeye kujua.

Mama Mdogo Tanga: Na warfarini yenyewe, kaka?

Mjomba Daktari: Dozi ya siku hiyo asimeze. Kuirudisha ni uamuzi wa daktari wa upasuaji na wa moyo kwa pamoja, maana vali ya chuma bila dawa nayo huganda damu. Kadi ya INR na pakiti zote za dawa zitiwe mfuko mmoja, ziende naye.