Bomba la breki limepasuka mara ya pili kwa kutu, gari lina miaka 19. Nitengeneze au niachane nalo?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela tena.

Injini ya gari langu ni nzima, gia nzima, oili halili. Tatizo liko uvunguni. Miezi miwili iliyopita nakaribia makutano ya barabara, nakanyaga breki, pedali ikazama karibu iguse sakafu. Gari lilisimama, ila mbali sana na pale nilipotaka. Kushuka nakuta mafuta ya breki yanachuruzika karibu na tairi la nyuma. Fundi akakata kipande kilichooza, akaunga kipya. Juzi limepasuka tena, kama sentimita 20 kutoka alipounga. Safari hii nilikuwa na watoto. Tangu siku hiyo sijaliwasha.

Nimechungulia na tochi: ekzosi imeshikiliwa na waya, na pale springi ya nyuma inapokalia kutu inabanduka maganda kama gome la mti. Fundi anasema ataunga tena. Jirani anasema niuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nisaidieni.

Mchangiaji wa 1

Pole sana mkuu. Kilichokuokoa ni kwamba breki zimegawanywa saketi mbili, moja ikivuja nyingine inabaki. Usiliendeshe hata kulipeleka gereji, livutwe.

Kuunga tena, hapana. Ukuta wa bomba la breki ni kama milimita 0.7 tu, na kutu imelila bomba zima, siyo pale palipopasuka peke yake. Ukiziba sehemu dhaifu, inayofuata kwa udhaifu ndiyo inapasuka, na huwa inapasuka siku umekanyaga kwa nguvu, maana ndipo presha inapanda. Badilisha mabomba yote ya chuma kutoka masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki) hadi kwenye magurudumu, pamoja na mipira yake. Ulizia ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, hayashiki kutu kama ya chuma. Ncha zichanuliwe kwa kifaa chake. Fundi akikuletea viungio vya kubana vya mabomba ya maji, mkatalie.

Na mabomba ya petroli mara nyingi hupita sambamba na hayo. Yaangalie hapo hapo.

Mchangiaji wa 2

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila mabomba yasiwe ya kwanza. Bomba ni kitu cha kubadilishwa. Kinachoamua kama gari litapona ni bodi yenyewe, pale miguu ya gari (springi na vyuma vinavyoshika magurudumu) inapofungwa.

Chukua bisibisi kubwa na nyundo ndogo. Gari likae juu ya stendi imara, usiingie chini kwa jeki pekee hata kwa dakika moja. Gonga kikalio cha springi, amu za nyuma (vyuma vinavyoshikilia magurudumu), krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari), pa kupigia jeki, na sehemu mikanda ya siti inapofungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinaitika kwa sauti butu. Penye shaka sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Usidanganywe na chuma kinachoonekana kinene: kutu huvimba kuliko chuma ilichokila.

Gari langu la kwanza niliuziwa limepakwa lami nyeusi chini, safi kabisa, nikafurahi. Nilipoikwangua, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Lami juu ya kutu inafungia unyevu ndani.

Mchangiaji wa 3

Hiyo ekzosi msiichukulie poa. Ikitoboka chini ya sakafu yenye matundu, moshi unaingia ndani ya gari, na kaboni monoksaidi haina harufu. Una watoto, mkuu.

Mleta mada

Nimerudi wakuu, shukrani. Nimegonga kote. Krosimemba inalia vizuri, amu zote mbili pia. Kikalio cha springi cha kulia kimetoboka, kidole kinapita. Pa kupigia jeki kushoto, chini ya mlango, panabonyea. Kwingine bisibisi imekataa kuingia.

Mchangiaji wa 2

Hilo linatengenezeka, mkuu. Ingekuwa amu ningekwambia ununue nyingine, isichomelewe. Bodi inachomeleka, ila welda akate hadi afike kwenye chuma cheupe, aweke bati la unene ule ule, achomelee mzunguko wote. Kiraka juu ya kutu ni hela ya kutupa.

Fuata mpangilio: welda kwanza, mabomba baadaye, vinginevyo moto utaharibu mapya. Betri ichomolewe, na tangi lishushwe kama anachomelea karibu nalo. Akimaliza, rangi nje, nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya mapango ya bodi, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe. Vyako naamini vimejaa tope, ndiyo maana pameoza hapo.

Mleta mada

Kweli kabisa, nimechokonoa kimoja kwa waya yakatoka maji meusi, na huku mvua haijanyesha siku kadhaa. Welda kagoma kutaja bei mpaka afungue ubavu wa kushoto aone ndani. Gari linavutwa kesho asubuhi. Akishakata nitaweka picha hapa mnitazamie, kabla sijamwambia aendelee.