Kumuuliza mzee anatakaje akizidiwa: ni uchuro, au ni haki yake?

Ndugu wa Nachingwea amesema mtoto anayemuuliza mzazi "ukizidiwa tukufanyieje?" anamchuria, na kwamba kwetu Kusini jambo hilo ni la mjomba na wazee wa ukoo. La mjomba nitarudi kwake. La uchuro nalikataa, na sababu yangu ni mama.

Mama aliugua saratani ya mlango wa kizazi, kijijini kwetu Newala. Daktari alituita pembeni, mimi, kaka na mjomba, akasema ugonjwa umeshasambaa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Tuliporudi kitandani mama akauliza, "Kasemaje?" Kaka akajibu, "Utapona, mama." Mama akamtazama, kisha akageukia ukutani. Tukachanga, tukakodi gari kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kila tuta akinibana mkono. Siku ya tisa akafia nyumbani kwa kaka. Tukamzika huko huko, kwa sanda ya dukani, kwa kuwa maiti haicheleweshwi na hela zilikuwa zimekwisha.

Kufungua kasha lake kijijini, tukakuta sanda. Kaikunja mwenyewe, ndani kaweka udi, ubani na kichupa cha marashi, na kwenye pindo la kanga kafunga noti nne za elfu kumi. Mama alishajiandaa siku nyingi. Waoga tulikuwa sisi.

Tuambiane ukweli: kinachotuziba midomo ni mikorosho. Mtoto akigusia tu habari za kifo, anaambiwa anamharakisha mzee ili arithi. Hofu hiyo ina msingi, nimeona ndugu wakigombania shamba kabla ya arobaini. Ndiyo maana nataka mambo ya mwili yatenganishwe na ya mali. Siku ya kwanza ya mazungumzo mzee aulizwe: ukiugua sana, uambiwe ukweli au usiambiwe? (Wapo wasiotaka kujua, nao waheshimiwe.) Tukupeleke mbali au ubaki nyumbani? Nani akae karibu nawe? Uzikwe wapi? Shamba lisitajwe kabisa. Na anayechagua kubaki nyumbani hajakataa matibabu. Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ipo kwa ajili hiyo, na mofini ya maji mgonjwa anainywa akiwa kitandani kwake.

Ya mali yana njia yake. Wosia unaandikwa na kuhifadhiwa hata RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Sisi Waislamu tuna hadithi ya Mtume kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Kama kuandika wasia tumeamrishwa tukiwa wazima, kuulizana kunakuwaje uchuro?

Sasa mjomba. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo unahesabiwa kwa mama, na sauti ya mjomba siipingi. Lakini mjomba wetu naye hakujua dada yake anataka nini, akaamua gizani kama sisi. Basi yeye ndiye aulize, mapema, mzee akiwa bado anakwenda shamba kwa miguu yake. Swali la kaka kwa dada halina ukakasi kama la mtoto.

Ndugu wa Nachingwea, nakuuliza kwa heshima: mama yako akizidiwa usiku huu, unajua anataka alale wapi?