Naomba ushauri: wavuvi wa dagaa nawafikishaje viwanja vya Furahisha, Mwanza?

Wakuu, habari za jioni. Nimepewa kazi ya kuhamasisha watu wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, waje kwenye mkutano wa mgombea wetu wa urais pale Furahisha. Chama sikitaji, msije mkaanza ligi.

Shida ni wavuvi wa dagaa. Wanakesha ziwani na taa zao, asubuhi wanauza, mchana wamelala fofofo. Na mikutano ya kampeni mwisho saa 12 jioni, muda uleule wanaoandaa mitumbwi. Niliwaza tuvizie mbalamwezi, maana hapo wengi hawaendi kuvua, ila ratiba ya mgombea haisubiri mwezi.

Halafu bodaboda. Msafara wanautaka hata mpaka Igoma, lakini swali la kwanza ni "mafuta yapo?" Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza kumpa mpiga kura kitu ili kumshawishi. Sasa mafuta ya msafara yakiandikwa kwenye gharama za chama ni sawa, au najitafutia kesi?

Na kina mama wanaoanika dagaa: niwafuate palepale kwenye chanja au niwapitie kwenye vikoba vyao? Mwenye uzoefu wa Kanda ya Ziwa anisaidie. Msiniambie nikodi msanii, bajeti hakuna.