Kutengeneza uwanja wa nyuma wa nyumba kwa awamu: kazi ipi itangulie?

MkaziWaMadale

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tumehamia kwenye nyumba yetu Madale, Dar es Salaam, na uwanja wa nyuma, wenye ukubwa wa karibu mita 30 kwa 25, bado ni udongo mtupu unaoteremka kutoka kibarazani hadi kwenye ukuta wa jirani. Tungependa hatimaye pawe na njia ya vitofali, ukoka wa watoto kuchezea, miti ya matunda, matuta ya mboga na kibanda cha kupumzikia. Fedha inapatikana kidogo kidogo, kwa hiyo kazi itachukua miaka miwili au mitatu. Fundi mmoja anatushauri tutandike vitofali kwanza ili matope yasiingie ndani, na mwenzangu anaona ukoka utangulie ili udongo usichukuliwe na mvua. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: tugawe awamu vipi ili tusije tukabomoa tulichokwisha kulipia?

FundiBustani

Hongereni kwa kuhamia kwenu. Mimi ningetanguliza maji kabla ya vitofali na kabla ya ukoka, kwa sababu kiwanja chenye mteremko kikishapambwa bila maji kuelekezwa, masika moja tu, ya Machi hadi Mei, hutosha kuharibu kazi ya mwaka mzima. Mvua kubwa ikinyesha, simameni kibarazani mtazame: maji ya bati yanaangukia wapi, yanakata mfereji wapi, yanatuama wapi. Ikikatika tu, chomekeni vigingi mahali hapo kabla alama hazijafutika, kwani ramani hiyo ni bora kuliko mchoro wowote mtakaouziwa.

Baada ya hapo sawazisheni ardhi ya uwanja wote kwa mara moja, hata kama hamtapanda chochote upande wa chini mpaka mwaka wa tatu. Udongo wa juu wenye rutuba ukwanguliwe na kulundikwa pembeni, kisha urudishwe juu mwishoni. Mafundi wengi huufukia chini ya kifusi, halafu mwenye nyumba hushangaa kwa nini ukoka unanyauka ilhali anamwagilia kila siku. Karibu na nyumba, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha kuyaondoa maji msingini. Palipojazwa kifusi pashindiliwe kwa tabaka nyembamba za sentimita 15 hivi, maana tabaka nene hushikana juu tu na chini hubaki tepetepe, na vitofali vyake hubonyea baadaye.

Jambo jingine ambalo ni rahisi sasa na ghali baadaye: kila mahali njia itakapopita, fukieni kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, mzibe ncha zake na mziwekee alama. Siku mtakapotaka kupitisha maji ya kumwagilia au waya wa taa za kibandani, hamtang'oa kitofali hata kimoja.

MamaMiche

Nakubaliana na FundiBustani kuhusu maji, ila miti isingoje zamu ya mapambo. Vitofali hutandikwa kwa siku chache fedha ikipatikana, lakini mwembe, hata uliobebeshwa (yaani ulioungwa kwenye shina la mwembe mwingine), huhitaji takriban miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa vizuri, na kivuli huchukua muda mrefu zaidi. Mkishasawazisha ardhi, chimbeni mashimo ya sentimita 60 kila upande, mchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha mpande masika yanapoanza, ili mvua iwamwagilie. Chagueni mahali palipo mbali na chemba na shimo la maji taka, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu.

Hofu ya mwenzako kuhusu udongo ni ya haki kabisa. Kwa sehemu ambayo haijafikiwa, pandeni vetiva, nyasi ndefu za kuzuia mmomonyoko, kwa mistari inayokingama mteremko, mche hadi mche sentimita 15. Mizizi yake huenda chini wima na hushika udongo vizuri, nayo haitambai kama ukoka, hivyo haitawasumbua mtakapofika sehemu hiyo.

MkaziWaMadale

Nawashukuru sana. Nimesahau kusema kwamba tukisawazisha uwanja wote, upande wa chini utahitaji kifusi cha kama mita moja na nusu. Je, kinaweza kuegemea ukuta wa jirani uliopo?

FundiBustani

Hapana, ndugu yangu, tafadhali msifanye hivyo. Ukuta wa uzio hujengwa usimame wenyewe, haujengwi ubebe udongo, na udongo uliolowa ni mzito mno; ukianguka utaangukia watu. Ama mkate uwanja kuwa ngazi mbili au tatu fupi, jambo ambalo pia litapunguza kifusi cha kununua, ama mjenge ukuta wenu wa mawe wa kuzuia udongo, wenye kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji. Kwa kimo hicho, mhandisi auchore kwanza. Maji ya matundu hayo nayo yaelekezwe kwenye mtaro, yasimwagikie kwa jirani, na ni vema mzungumze naye kabla fundi hajaanza kuchimba.

MamaMiche

Mimi ningechagua ngazi. Ya juu, iliyo karibu na kibaraza, mnaweza kuikamilisha yote mwaka wa kwanza, vitofali na ukoka wa watoto, huku za chini zikishikwa na vetiva. Acheni tu upenyo wa lori ubavuni mwa nyumba, mita tatu na zaidi, na msiutandike mpaka mawe na kifusi cha chini viwe vimeshaingia.