Msaada: Raspberry Pi Zero 2 W ya kudhibiti joto la banda la vifaranga haionekani kwenye Wi-Fi

KambaMbili
Wakuu, habari za jioni. Nina Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), kadi ya GB 32, sensa tatu za joto za DS18B20 (zile za waya mrefu zenye kichwa cha chuma) na moduli ya rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ya volti 5. Kazi: kupima joto sehemu tatu za banda la vifaranga 300, kuhifadhi vipimo kila dakika, na kuwasha taa za joto likishuka chini ya 32. Taa ni nne za wati 250.

Sina skrini wala kibodi, natumia laptopu ya Windows kwa SSH (kuendesha ubao kwa amri kupitia mtandao). Nimeflashi Raspberry Pi OS Lite ya biti 64 toleo la Bookworm, nikaweka faili tupu la ssh na wpa_supplicant.conf kwenye kadi kama video ya 2021 inavyoelekeza. Taa ya kijani inapepesa, inatulia, basi. Kwenye hotspoti ya simu haionekani kabisa. Ubao umekufa au nakosea wapi?

fundi_mita
Ubao mzima, mkuu. Taa ya kijani ingekuwa inarudia kupepesa mara nne au mara saba kwa mpangilio uleule ningesema kadi haisomeki vizuri. Ikipepesa ovyo halafu ikatulia, mfumo umewaka.

Video yako imepitwa na wakati. Tangu Aprili 2022 mtumiaji "pi" na nywila yake ya kawaida waliondolewa, kwa hiyo hata ungeunganishwa usingeweza kuingia. Halafu Bookworm, iliyotoka Oktoba 2023, mtandao unaendeshwa na NetworkManager, na lile faili la wpa_supplicant.conf ulilotupia kwenye kadi halisomwi tena.

Flashi upya kwa Raspberry Pi Imager, na kabla ya kuandika fungua mipangilio yake ujaze yote: jina la kifaa (tuseme banda), jina la mtumiaji (tuseme fundi) na nywila, jina la Wi-Fi na nywila yake, nchi ya Wi-Fi TZ, na uwashe SSH. Nchi usiiruke, bila hiyo redio ya Wi-Fi inaweza kubaki imefungwa. Kisha chomeka umeme kwenye tundu la pembeni lililoandikwa PWR IN, subiri dakika tatu nne bila kuchomoa (mara ya kwanza inatanua kadi na kujiwasha upya), ndipo ujaribu:

ssh fundi@banda.local

Tarakilishi_Tanga
Ongezea hapo: Zero 2 W inashika GHz 2.4 tu. Simu nyingi za sasa zinatoa hotspoti ya GHz 5 na ubao hautaiona hata ukeshe. Kwenye Android badilisha bendi ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kwenye iPhone washa Maximize Compatibility. Na kama banda.local haipatikani, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu au ruta, chukua namba ya IP utumie hiyo.

KambaMbili
Shukrani wakuu, imeingia. Ilikuwa vyote viwili, faili na GHz 5.

Sasa yamekuja mengine. (1) pip install (ya kuongeza maktaba za Python) inagoma, inasema externally-managed-environment. (2) Sensa zinaonekana zote tatu, baada ya muda zinabaki mbili, na moja mara nyingine inasoma 85 kamili. Waya nimezipenyeza kwenye matundu ya ubao, sijalehemu. (3) Rilei ikishika, ubao unajizima na kuwaka tena. Chaja ni ya simu, 5V 1A, waya wa mita mbili. (4) VS Code (programu ya kuandikia msimbo) kwa SSH inaganda hadi nachomoa umeme.

mkono_wa_nyaya
La tatu ndilo la kwanza. Ukiwa na umeme mbovu utatafuta kosa kwenye programu wiki nzima na halipo. Endesha vcgencmd get_throttled. Ikitoa 0x0 umeme uko sawa, ikitoa 0x50005 volti zimeshuka chini ya 4.63.

fundi_mita
Hapana mkuu, hiyo ni kwa Pi 3, 4 na wenzake. Familia ya Zero haina saketi ya kugundua volti ndogo. Utapata 0x0 hata ubao ukiwa unakata roho.

Hapa ni multimita tu. Weka kwenye DC volti 20, ncha nyekundu pini ya 2, nyeusi pini ya 6, shughulisha ubao (apt update inatosha) huku rilei inashika na kuachia. Ikishuka chini ya 4.75, badilisha chaja na waya pamoja. Chukua chaja ya 5V 2.5A, waya mfupi usiozidi mita moja na uwe mnene. Waya mwembamba wa mita mbili unakula nusu volti peke yake mzigo ukipanda, kwa hiyo kununua chaja kubwa na kubaki na waya uleule ni kupoteza pesa. Ukitumia betri ya sola ya volti 12 na kishusha volti cha LM2596, kirekebishe kitoe 5.1 kabla ya kuunganisha ubao. Vinakuja dukani vikiwa vimewekwa volti yoyote ile.

mkono_wa_nyaya
Sawa, nakubali, nilisahau kuwa ni Zero.

Kwenye sensa: waya zilizopenyezwa kwenye matundu hazishiki. Zinagusa, zinaachia, ukipita karibu zinagusa tena. Lehemu pini 40, au kama huna mkono wa kulehemu ipo Zero 2 WH inayokuja na pini zake. Baada ya hapo:

nyekundu → pini ya 1 (volti 3.3)
nyeusi → pini ya 6
njano → pini ya 7 (GPIO4)

Rangi zithibitishe kwa muuzaji, si viwanda vyote vinafuata. Kati ya njano na nyekundu weka resista ya 4.7k (njano, zambarau, nyekundu). Resista moja kwa sensa zote tatu, si moja kwa kila sensa, kwa sababu zinakaa kwenye waya mmoja na kila moja ina anwani yake. Usiipe sensa volti 5 na kuivutia resista kwenye 5, pini za Pi hazivumilii zaidi ya 3.3 na utaichoma GPIO4.

Kwenye /boot/firmware/config.txt ongeza dtoverlay=w1-gpio, washa upya, kisha ls /sys/bus/w1/devices. Utaona folda tatu zinazoanza na 28-.

Hiyo 85 si joto. Ndiyo thamani ambayo sensa huamka nayo kabla haijapima. Ukiiona, ujue sensa ilikatika umeme kidogo katikati ya kupima. Na waya za sensa zitembee kwa mstari mmoja, sensa hadi sensa. Ukizitawanya matawi matatu marefu kutoka kwenye ubao, mawimbi yanarudi na kuvuruga usomaji. Ikizidi mita 15 jumla, jaribu resista ya 2.2k.

Kabla ya kuzitundika zitumbukize zote kwenye kikombe cha barafu iliyoanza kuyeyuka. Zisome 0, nusu digrii juu au chini. Iliyopotoka zaidi ya hapo iweke kando.

Tarakilishi_Tanga
La pip na VS Code ni mepesi.

Bookworm hairuhusu pip kuchezea Python ya mfumo. Usitumie --break-system-packages, jina lenyewe limekwambia. Kwa kazi yako hata pip huihitaji: sudo apt install python3-gpiozero inatosha, sensa unazisoma kama faili la kawaida. Siku ukihitaji maktaba nyingine tengeneza venv (mazingira ya Python yaliyojitenga na ya mfumo):

python3 -m venv --system-site-packages ~/banda/env

VS Code inapandisha seva yake kwenye ubao, na Zero 2 W ina MB 512 tu za RAM. Andika kwenye laptopu, tuma kwa scp joto.py fundi@banda.local:banda/ (Windows 10 na 11 zinayo tayari).

Kiini cha programu ni hiki:

def soma(f):
    m = f.read_text().splitlines()
    if len(m) < 2 or not m[0].endswith("YES"):
        return None
    t = int(m[1].split("t=")[1]) / 1000
    return None if t == 85.0 else t

YES maana yake hesabu ya ukaguzi imelingana. Isipokuwepo, tupa kipimo hicho usubiri kijacho. Kila sensa inachukua karibu sekunde moja, kwa hiyo tatu ni sekunde tatu, dakika moja inatosha kabisa. Tumia kipimo cha katikati kati ya vitatu, si wastani: sensa moja ikiangukia kwenye chombo cha maji, wastani utawasha taa bure. Na usiwashe na kuzima kwenye namba moja. Washa 32, zima 33.5, la sivyo rilei itacheza ngoma usiku kucha.

bi_saketi
Mmeongea vizuri ila hakuna aliyeuliza swali la vifaranga: ubao ukiganda saa nane usiku, taa zinabaki vipi?

KambaMbili, usiunge taa kwenye NO ya rilei (mdomo unaobaki wazi rilei ikiwa imelala) kama kila mtu anavyofanya. Tumia COM (mdomo wa pamoja) na NC (mdomo unaobaki umefungwa rilei ikiwa imelala). Rilei ikiwa imelala, taa zinawaka; programu inaishikisha rilei pale tu joto likizidi. Ubao ukizimika, taa zinaendelea kuwaka. Ili zisije zikawachoma, weka kidhibiti joto cha kawaida kisicho cha kompyuta kwa mfululizo kwenye waya huohuo, kikate kwenye 36. Hapo ubao kuzimika peke yake hakuui banda.

Kwenye gpiozero, kama moduli yako inashika ikipewa 0:

kata = OutputDevice(17, active_high=False, initial_value=False)

kata.on() inazima taa, kata.off() inawasha. Sensa zote zikirudisha None, ita kata.off(). Ongeza na gpio=17=op,dh kwenye config.txt ili pini iwe juu tangu ubao unapowaka, kabla programu haijaanza.

Taa zako ni wati 1000, kwa volti 230 ni ampea 4.3. Rilei ya bluu imeandikwa 10A, lakini nyuzi za taa zikiwa baridi huvuta takriban mara kumi kwa kufumba na kufumbua, na midomo ya rilei inashikana. Rilei ndogo iendeshe koili ya kontakta (rilei kubwa ya mizigo mizito), kontakta ndiyo ibebe taa. Upande wa 230 mwite fundi umeme.

KambaMbili
Nimepima: pini ya 2 ilikuwa 4.41 rilei ikishika. Kwa chaja ya 2.5A na waya wa sentimita 50 ni 5.02, haijazima tena. Nimelehemu pini, sensa zote tatu zimetulia. Barafu: 0.1, 0.3, na ya tatu 1.9.

Limebaki hili: umeme ukikatika na kurudi usiku, vipimo vinaandikwa kwa saa ya nyuma. Na kadi, itadumu?

bi_saketi
Ya 1.9 weka pembeni.

Zero 2 W haina saa ya betri. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Nunua moduli ya saa ya DS3231: volti 3.3 pini ya 1, SDA pini ya 3, SCL pini ya 5, ardhi pini ya 9. Washa I2C kwenye raspi-config, weka dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, washa upya. i2cdetect -y 1 itaonyesha UU penye 68. Ikionyesha 68 yenyewe, moduli ipo lakini kiendeshi hakijaishika, kagua tena mstari wa config.txt.

Kadi: sensa tatu kila dakika ni mistari 4,320 kwa siku, ujazo huo si kitu. Kinachoua ni umeme kukatika katikati ya kuandika. Kusanya vipimo ndani ya /run/banda, ambayo ni RAM, kisha mwaga kwenye SQLite (faili la hifadhidata kwenye kadi) kila dakika 15. Utapoteza robo saa ya vipimo, si kadi. Na kadi yenyewe ipitishe H2testw (programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi) kwenye laptopu kabla ya kuitegemea, GB 32 za bandia zenye GB 8 ndani ziko tele.

Tarakilishi_Tanga
Programu ijianzishe yenyewe, /etc/systemd/system/banda.service:

[Unit]
Description=Joto la banda

[Service]
User=fundi
RuntimeDirectory=banda
ExecStart=/usr/bin/python3 /home/fundi/banda/joto.py
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha sudo systemctl enable --now banda. Kwa mfumo mzima kuganda, weka RuntimeWatchdogSec=15 kwenye /etc/systemd/system.conf, ubao utajiwasha upya wenyewe. Usizidishe 15, chipu hiyo haifiki mbali zaidi ya hapo.

KambaMbili
Kontakta nimeipata, koili ya 230. Waya wa koili ndio upite kwenye COM na NC ya rilei, sivyo?

bi_saketi
Ndiyo, na kidhibiti joto kikae kwenye waya huohuo wa koili. Sensa zitundike sentimita 5 juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga. Juu kwenye boriti utapima joto la paa.

fundi_mita
Bi_saketi, hapo kwenye kidhibiti kuna tundu. Midomo ya kontakta ikishikana, kidhibiti kilicho kwenye koili hakikati kitu. Kikae kwenye waya wa taa zenyewe, na kiwe cha ampea 16.

bi_saketi
Kweli kabisa. KambaMbili, fuata hilo la fundi_mita, langu liache.