Chai nyeupe, ya kijani au ya rangi: ipi ya kumpa mama?

Binti wa Mafinga: Habari za baridi wakuu. Mama ameambiwa apunguze sukari, na chai ya rangi bila sukari haimpiti kooni. Dukani nimeona ya kijani na nyeupe, nyeupe bei juu sana. Inastahili?

Mchumaji Tukuyu: Dada, mche ni uleule, tofauti inaanzia kwenye kuchuma na kiwandani. Ya rangi majani yananyaushwa, yanakatwakatwa, yanaachwa yapigwe na hewa mpaka yageuke kahawia, ndipo yanakaushwa. Ya kijani inapashwa moto mapema ili isigeuke. Nyeupe inanyaushwa na kukaushwa tu, basi. Huku Rungwe tumezoea kuchuma majani mawili na chipukizi. Ile nyeupe ya daraja la juu, kama ya Fujian kule China, ni chipukizi tupu lenye vinyweleo vyeupe, tena kwa mkono. Kapu halijai upesi, ndiyo maana bei iko pale.

Mzee wa Uyole: Kwa mama, chukua nyeupe. Ina utamu mwepesi wake yenyewe, wakati ya kijani ikizidishiwa moto inakuwa chungu. Ila msiichemshe jikoni kama chai yetu ya tangawizi, wala msitie maziwa, mtaua ladha yote. Hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Yaepue, yapoe hadi kama 80, mimina, funika dakika nne au tano. Majani hayohayo yanarudiwa maji mara ya pili.

Nesi Njombe: Naunga mkono, lakini wauzaji wanaosema inaponya kisukari wasisikilizwe. Faida kwa mama ni kuacha sukari. Dawa zake aendelee nazo. Pia si kweli kwamba haina kafeini, chipukizi changa linayo ya kutosha, kwa hiyo asinywe usiku. Na asinywe pamoja na chakula, chai yoyote inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Asubiri kama saa moja.

Binti wa Mafinga: Asanteni sana. Nanunua pakiti ndogo, anywe saa nne asubuhi.

Mchumaji Tukuyu: Itunze kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na dagaa na viungo. Inanasa harufu haraka.