Najenga Minecraft, sasa nataka kuchonga mbao nikiwa bedsita, nianzie wapi?

bloku_za_zimma
Niaje wasee. Mimi hujenga sana Minecraft, ile gemu ya bloku, nacheza ile ya kujenga tu bila kupigana na mtu. Saa hii nimejenga soko zima, vibanda, ngazi, mpaka mitaro ya maji, na naipenda hiyo kazi kabisa. Sasa juzi nikapita Maasai Market nikashika twiga wa mbao, nikawa namgeuzageuza nikijiuliza huyu fundi alianzia wapi, kichwa ama miguu, na hiyo shingo ilitokaje bila kuvunjika. Nataka kujaribu. Shida naishi bedsita Zimmerman, ghorofa ya tatu, jirani nikikohoa anasikia, na keateka hataki kelele. Vifaa sina. Kuna mtu ametoka kwa gemu akaingia kwa mbao? Yale nimejifunza kwa bloku yanasaidia ama ni kuanza upya? Na nichukue mti gani?

mwana_wa_wamunyu
Karibu ndugu. Mimi nimelelewa na wachongaji na hiki kitu nakipenda sana kwa hivyo vumilia nikiandika mrefu. Kwanza usiguse mpingo. Ni mzuri, lakini ni mzito mpaka unazama kwa maji, utaua kisu na mkono, na vumbi lake linawasha. Muhugu, ule wazee walikuwa wanaupenda, umechongwa mpaka ukawa adimu, ndio maana siku hizi wengi wamehamia jakaranda, mwarubaini na mwembe. Wewe anza na jakaranda. Ni laini, inakubali kisu, na Nairobi imejaa. Mvua ikiangusha tawi ongea na wale wanalipasua kuni wakuuzie kipande, lakini usikate mti wa barabarani bila ruhusa, kaunti haitakuelewa.

Ukipata mbichi ndiyo rahisi zaidi kuchonga ila ikikauka haraka inapasuka. Paka nta ya mshumaa pande zote mbili zilizokatwa, funga kwa gazeti ama gunia, weka kivulini. Kila ukiacha kazi, funga tena.

Na usisikie umechelewa. Kwetu Ukambani uchongaji huu wa vinyago vya kuuza unahesabiwa kuanzia kwa Mutisya wa Munge, na yeye aliuona kwa Wazaramo akiwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akarudi nao Wamunyu. Alikuwa mtu mzima tayari.

dada_patasi
Nijibu hiyo ya bloku maana nimepitia zote mbili. Zinasaidia, na sana. Kwa gemu unaongeza, kwa mbao unatoa, na ukishatoa hakuna kurudisha, hapo ndipo utasumbuka mwanzoni. Lakini jicho la kuona kitu pande zote unalo tayari. Fanya hivi, tafuta kipande cha mraba, chora twiga akiwa wa upande, halafu kwa uso wa pili chora akitazama mbele, vimo vilingane, masikio yawe kwa mstari mmoja na magoti pia. Kata kwa msumeno mdogo nje ya mstari wa kwanza, geuza, kata wa pili. Utabaki na twiga wa pembe pembe kama wa Minecraft kabisa. Kutoka hapo ni kisu, unaondoa pembe polepole. Shingo na miguu iache minene mpaka mwisho. Na uipange shingo ifuate nyuzi za mti, zikikatiza itavunjika tu, hata ukichonga kwa upole aje.

mzee_wa_gikomba
Kijana wangu, hiyo michoro ni sawa lakini usiifanye sheria. Mti una macho, una kupinda, na kuna saa unataka twiga yeye anakataa, anataka kuwa ndege. Sisi tunatumia tezo, kile kishoka cha kuchongea, na jicho, alama chache tu. Njoo Gikomba kwa wachongaji, salimia watu, kaa utazame mkono wa mtu. Kuna vitu video haikuonyeshi, kama vile kujua nyuzi zimegeuka kwa sauti ya kisu.

bloku_za_zimma
Shukrani mzee, nitakuja. Dada, hiyo ya kuchora pande mbili imeniingia kabisa. Na kelele na vumbi je?

dada_patasi
Kisu hakina kelele, nyundo na patasi ndizo zitakuletea keateka. Chonga ukiwa umeweka mikono ndani ya katoni kubwa, maganda yanabaki humo. Msasa usipige ndani ya nyumba, panda juu kwenye kamba za nguo, na vaa maski. Kabla ya mbao jaribu kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Ukiharibu unafulia nguo.

wa_kibera_line_saba
Na gemu usiiache jamani. Mwaka 2012 UN-Habitat, hao wa Gigiri, na Mojang, wale wenye Minecraft, walianzisha mradi wa Block by Block, watu wa mtaa wanajenga uwanja wao kwa Minecraft ndio wapangaji waone wanataka nini. Uwanja wa Silanga hapa Kibera ulikuwa kati ya za kwanza kabisa. Mtu hajawahi kusoma ramani maishani mwake anaweka bloku, anasema taa ikae hapa, njia ipite pale. Wewe jenga twiga wako huko kwanza, mzunguke, halafu umchore kwa mti.

mwana_wa_wamunyu
Hiyo ni nzuri. Nimesahau kisu: kifupi, kisizidi kidole chako, na ununue jiwe la kunolea siku hiyo hiyo. Kisu butu ndicho hukata watu, kwa sababu unasukuma kwa nguvu kisha kinateleza. Ukimaliza kupiga msasa paka rangi ya viatu ya kahawia, kidogo tu, usugue na kitambaa.